Kabla ya kununua kiungio cha trela, pima nafasi iliyo nyuma ya kabini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji nizungumze na ndugu zangu wa Afrika Mashariki tuishio Marekani na Kanada, ambao wengi wetu hulisoma gazeti lako kwa njia ya intaneti. Miongoni mwetu wamo wauguzi wanaofanya kazi kwa mikataba ya wiki 13, na wamo mafundi wa mabomba na umeme wanaofuata miradi kutoka jimbo moja hadi jingine. Baadhi yao wameona heri kununua trela la kuishi na kuhama nalo kuliko kutafuta nyumba ya kupanga kila wanapofika mji mpya. Uamuzi huo nauheshimu. Ninalolilia ni hatua inayofuata, ambapo mtu mwenye pikapu ya bodi fupi huuziwa kiungio cha kuvutia trela bila yeyote kumuuliza bodi ya gari lake ina urefu gani.

Matrela ninayoyazungumzia ni yale makubwa yasiyofungwa kwenye mpira wa chuma chini ya bampa. Shingo ya trela hupanda juu ya bodi ya pikapu, na pini yake ya chuma, yaani kingpini, yenye kipenyo cha inchi 2, huingia katika kiungio, yaani sahani yenye taya iliyofungwa juu ya ekseli ya nyuma. Ni mpango uleule wa semi tunazopishana nazo katika barabara ya kutoka Dar es Salaam kwenda Tunduma, isipokuwa kichwa cha semi hakina bodi na nyuma ya kabini yake huachwa nafasi ya kutosha kwa trela kuzunguka. Pikapu ya bodi ndefu, yaani futi 8, nayo ina nafasi hiyo kwa kiasi kikubwa. Lakini familia nyingi hununua pikapu yenye milango minne na bodi ya futi 6 na nusu, au hata futi 5 na nusu, kwa sababu watoto wanapata viti na gari linaingia kwenye maegesho ya mjini. Hapo ndipo kona ya pua ya trela na kioo cha nyuma cha kabini vinapoanza kukutana.

Hesabu yenyewe si ngumu, na ningependa kila mnunuzi aifanye akiwa na tepu mkononi kabla hajatoa fedha. Chukua trela lenye upana wa inchi 96. Kutoka katikati, ilipo kingpini, hadi ubavuni ni inchi 48. Tuseme pua ya trela imetangulia mbele ya kingpini kwa inchi 20. Ukipima kwa mshazari utaona kwamba kona ya pua iko inchi 52 kutoka kwenye kingpini, na kila gari linapokata kona, ncha hiyo huchora sehemu ya duara lenye nusukipenyo cha inchi 52. Sasa pima kutoka usawa wa katikati ya ekseli ya nyuma, mahali ambapo sahani inastahili kukaa, hadi ukuta wa nyuma wa kabini. Katika pikapu nyingi za bodi ya futi 6 na nusu nafasi hiyo hukaribia inchi 40, na katika bodi ya futi 5 na nusu huwa finyu zaidi. Kwa mfano huu zinakosekana inchi 12, na trela likiwa na upana wa inchi 102, kama yalivyo mengi ya yale makubwa, upungufu unaongezeka.

Kuna jambo katika hesabu hiyo ambalo wengi hawalioni. Ncha ya kona huelekea moja kwa moja kwenye kabini wakati gari na trela vimekunjana kwa nyuzi 67 hivi, wala si nyuzi 90. Kwa hiyo dereva anayejifariji kwamba hatakunja trela hadi nyuzi 90, na kwamba kwa sababu hiyo yuko salama, amekwisha kuvuka mahali pa hatari kabla hajafika huko anakokuogopa. Katika kambi moja ya matrela nimeona pikapu ambayo kioo cha nyuma kilikuwa kimemwagika chote juu ya viti vya watoto, na bati la kabini limebonyea hadi karibu na paa. Bahati njema viti vilikuwa vitupu. Ajali ya namna hiyo hutokea gari likitambaa kwa mwendo wa mtu anayetembea, dereva akirudi rivasi kuingia mahali pa kuegesha, macho yake yote yakiwa kwenye kioo cha pembeni.

Wauzaji wana majibu mawili mepesi, na yote mawili nayapinga. La kwanza ni kwamba matrela ya siku hizi yana pua iliyochongwa kwenye kona, hivyo sahani isiyosogea inatosha. Ni kweli kwamba uchongaji huo, pamoja na shingo iliyorefushwa, umepunguza tatizo, na kwa baadhi ya pikapu na baadhi ya matrela unalimaliza kabisa. Lakini jibu hilo ni sahihi kwa gari fulani na trela fulani vilivyopimwa pamoja, na muuzaji ambaye hajaliona gari lako hana msingi wa kukuapia. La pili ni baya zaidi: kwamba sahani ifungwe nyuma kidogo ya ekseli ili kupata nafasi. Uzito wa shingo ukikaa nyuma ya ekseli hunyanyua mbele ya gari, matairi ya mbele yakapungukiwa na mshiko, usukani ukawa mwepesi na breki za mbele zikakosa nguvu, na hali hiyo hudumu safari nzima kwa ajili ya dakika chache za kuegesha. Mahali pa kingpini barabarani ni juu ya ekseli au mbele yake kidogo, na katika hilo sioni nafasi ya kupatana.

Kinachobaki ni kiungio kinachosogea, nacho ni cha aina mbili. Cha kusogezwa kwa mkono hukaa mahali pake pa mbele wakati wote wa safari. Dereva akifika anapotaka kuegesha husimama akiwa amenyooka, hushuka na kuvuta wenzo wa kufungulia, kisha huzishika breki za trela kwa kidhibiti kilichopo kwenye dashibodi na kusogeza gari mbele taratibu mpaka kiungio kijifunge katika nafasi ya nyuma. Kwa njia hiyo hupatikana inchi 10 hadi 14 hivi, kutegemea aina. Akimaliza lazima akirudishe mbele kabla ya kuingia barabarani. Cha pili hujisogeza chenyewe: gari linapokata kona, kiungio hurudi nyuma kadiri pembe inavyoongezeka, na linaponyooka hurejea mbele bila dereva kugusa chochote. SuperGlide ya kampuni ya PullRite ni mfano unaofahamika. Kiungio cha namna hii huhitaji bamba maalumu lifungwe kwenye shingo ya trela ili kingpini isijizungushe ndani ya taya, bei yake ni kubwa zaidi, na ni kizito.

Maoni yangu ni kwamba mtu anayehama kila baada ya miezi mitatu, anayefika usiku katika kituo cha mafuta asichokijua na kulazimika kugeuza mahali finyu, anunue kile kinachojisogeza chenyewe ikiwa gari lake linaweza kuubeba uzito wake. Kile cha mkono ni chombo kizuri, na aina kama Companion ya B&W inayokuja na reli za kusogea ni imara. Tatizo ni kwamba kinamtaka dereva akumbuke kukisogeza kabla ya kona ngumu, na kona ngumu nyingi hazitoi taarifa. Mke na mume wanaopokezana usukani wazingatie hili kwa makini, kwa sababu aliyezoea kuvuta wenzo si lazima awe ndiye atakayekuwa akiendesha siku njia itakapofungwa.

Ipo pia njia ya kubadilisha shingo ya trela badala ya kununua kiungio kinachosogea. Shingo za aina ya Sidewinder huhamishia mahali pa kuzungukia nyuma ya kingpini kwa takriban inchi 22, na sahani iliyo ndani ya bodi huzuiwa isizunguke kwa kabari inayolingana nayo. Njia hii inafaa kwa aliyeamua kubaki na trela moja kwa muda mrefu. Vifaa vya kugeuza kingpini ili trela lishikwe na mpira wa chuma ndani ya bodi nisingependa vinunuliwe kabla ya kumuuliza mtengenezaji wa chasisi ya trela, tena kwa maandishi, kwa kuwa baadhi ya vifaa hivyo hurefusha mkono unaoivuta shingo na kuongeza nguvu inayokipinda chuma cha chasisi.

Uzito ndilo jambo ambalo mnunuzi hukumbushwa mwisho, wakati lingefaa kutangulia. Kwa kawaida shingo ya trela la aina hii hulaza juu ya pikapu kati ya asilimia 15 na 25 ya uzito wa trela. Trela la pauni 12,000, karibu kilo 5,400, likilaza asilimia 20, gari limebeba pauni 2,400 hata kabla dereva hajapanda. Ongeza pauni 200 za kiungio na pauni 600 za watu wanne, jumla inakuwa 3,200. Fungua mlango wa dereva usome kibandiko kinachotaja uzito wa juu wa watu na mizigo. Pikapu nyingi za familia hazifiki idadi hiyo, hata kama tangazo la biashara linasema zina nguvu ya kuvuta trela zito kuliko hilo. Na katika hesabu hiyo utumike uzito wa juu ulioandikwa kwenye bamba la trela, si ule wa trela tupu lililotoka kiwandani, maana hakuna anayeishi ndani ya trela tupu.

Kiungio chochote utakachochagua, kikishafungwa kijaribiwe kabla ya safari. Kosa la hatari katika kuunga ni kingpini kukaa juu ya taya badala ya kuingia ndani yake. Kwa macho ya mbali huonekana imeshika, na gari likiondoka shingo nzima huangukia kingo za bodi. Kwa hiyo chungulia kwa tochi uone taya zimeifunga pini, kisha, miguu ya trela ikiwa bado inagusa ardhi, shika breki za trela na uvute mbele kidogo. Hakikisha pia waya wa breki za dharura, ule unaozishika breki za trela likichomoka, umefungwa kwenye gari lenyewe wala si kwenye kiungio, na kwamba kati ya kingo za bodi na tumbo la trela pamebaki inchi 6 hivi.

Mwisho, nenda kwenye uwanja mpana na tambarare, mtu mmoja asimame pembeni akiitazama kona ya pua, ukunje taratibu huku naye akikuambia nafasi iliyobaki. Rudia zoezi hilo mahali penye mteremko, gurudumu moja la pikapu likiwa limepanda kuliko jingine, kwa sababu trela likiinama, kona yake ya juu husogea kuelekea kabini, na inchi 3 zilizoonekana zinatosha kwenye sakafu ya saruji zinaweza kwisha zote kwenye kambi yenye changarawe na mashimo.

Msomaji wako,
Tulsa, Oklahoma