Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2023

Wazee wetu, akina mama, walimu, vijana wahitimu na wanachama wote wa chama chetu cha kuwasaidia watoto wa Walukuba na Masese, hapa Jinja, Uganda, wafike vyuoni, nawasalimu kwa heshima. Mwaka huu tumewazika wenzetu wawili, Mungu awalaze pema. Tumepokea wapya wawili, kwa hiyo tunafunga mwaka tukiwa 71 kama tulivyouanza.

Shughuli za kawaida mnazijua, sitawachosha. Februari tulizungukia shule tunazozihudumia. Machi matokeo ya UACE, mtihani wa mwisho wa S6 (kidato cha sita), yalipotoka tulikaa na watoto na vyeti vyao. Aprili walimu wetu wawili walizungumza na S5 kuhusu michepuo ya masomo. Juni tulifanya harambee, na Septemba tuliwaaga waliokwenda vyuoni. Yote yalifanyika, nawashukuru walioshiriki.

Upande wa fedha, tulianza na salio la shilingi 1,130,000. Michango ya wanachama ilileta 1,685,000 na harambee 2,400,000, jumla 5,215,000. Watoto wametumia 3,480,000 na uendeshaji 410,000. Zimebaki 1,325,000, na daftari liko kwa mweka hazina kwa yeyote anayetaka kulipekua.

Sasa nije kwenye lile ambalo najua limewaleta wengi wenu kusoma taarifa hii.

Uamuzi wa Mei

Tangu chama kianze tumekuwa na desturi moja. Tunamchagua mtoto mmoja aliyefaulu, tunamlipia chuo kikuu tangu mwaka wa kwanza mpaka avae joho, kisha tunamchukua mwingine. Mimi mwenyewe nilikuwa kwenye kamati iliyoianzisha desturi hiyo, kwa hiyo asiniambie mtu kwamba siithamini. Wa mwisho amemaliza masomo yake salama mapema mwaka huu, deni lake chuoni ni sifuri, na hilo ni jambo la kujivunia.

Lakini kabla ya kumchukua mwingine niliwaomba kamati tupige hesabu. Ada ya mtoto huyo pamoja na ada nyingine za chuo ilikuwa inapita milioni moja na nusu kwa muhula, na mwaka una mihula miwili. Maana yake mtoto mmoja alikuwa anameza zaidi ya milioni tatu kila mwaka, kwa miaka mitatu. Wakati huohuo, katika watoto 34 wa S6 tuliowafuatilia kwa majina, 26 walipata prinsipali mbili au zaidi (yaani A mpaka E katika masomo makuu), ambazo ndizo kima cha chini cha kuingia shahada moja kwa moja kutoka sekondari. Swali langu lilikuwa: hawa 25 wengine tunawaambia nini?

Tulikwenda nyumba kwa nyumba kuwauliza wazazi nini hasa kinawakwamisha. Nilidhani wote watasema ada. Wengi walisema vitu vidogo. Mmoja alikosa pesa ya kulipia maombi ya chuo. Mwingine hakujua kwamba kuna udhamini wa serikali kwa mgao wa wilaya, mbali na ule unaotolewa kwa alama za juu za nchi nzima. Binti mmoja alikuwa amepata nafasi mwaka uliotangulia na hakwenda, kwa sababu hakuwa na godoro wala nauli, na mama yake aliona aibu kumpeleka mikono mitupu.

Kuna pia suala la kupanga chaguo, ambalo wazazi wetu wengi hawajawahi kuelezwa. A ni pointi 6, B ni 5, na hivyo hivyo mpaka E yenye 2. Lakini chuo hakijumlishi tu. Somo ambalo kozi inalihitaji zaidi huzidishwa mara 3, linalofuata mara 2, linalofaa kiasi mara 1, na mengine nusu tu. Msichana huongezewa pointi 1.5. Mtoto mwenye matokeo ya kawaida akichagua kozi inayozidisha masomo aliyoyafanya vizuri, anampita mwenzake aliyekuwa juu yake darasani. Nafasi za serikali ni kama 4,000 tu kwa nchi nzima, na kuzikosa kwa kujaza fomu vibaya ni hasara isiyo na sababu.

Halafu kuna mkopo. Bodi ya kufadhili wanafunzi wa elimu ya juu iliundwa kwa sheria ya mwaka 2014. Anayepewa mkopo hulipiwa ada ya masomo, ada za uendeshaji na pesa za utafiti, na huanza kurudisha mwaka mmoja baada ya kumaliza. Chakula na malazi halipiwi. Yaani serikali inabeba mzigo uleule ambao chama kilikuwa kinajitwisha, na inaacha mzigo mdogo ambao chama kinauweza kwa watoto wengi. Hii ndiyo hoja yangu, na nimeirudia kila nilipoulizwa.

Mei 14 tulikuwa 27 kwenye mkutano. Waliokubali ni 15, waliokataa 9, watatu hawakupiga kura. Tukaacha kumlipia mtoto mmoja ada yote, tukaanza kuziba mapengo ya wengi: pesa za maombi, nauli, viapo vya mwanasheria vya kuthibitisha majina, godoro, beseni, na posho ya wiki za kwanza.

Niwaeleze kitu kimoja nilichokiona kwa macho yangu. Jioni moja ya mvua alikuja kwangu kijana anayeomba mkopo. Alikuwa amefunga karatasi zake ndani ya mfuko wa nailoni wa mkate, na mfuko huo ameutia kifuani chini ya shati. Akazitandaza mezani, zote zimekauka, yeye mwenyewe amelowa chapachapa. Kwenye karatasi ya matokeo ya UNEB, baraza la mitihani la taifa, jina la ukoo lina herufi k mbili. Kwenye kitambulisho cha taifa lina k moja. Zilibaki siku mbili maombi yafungwe. Mwanasheria alitaka shilingi 50,000 za kiapo, mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, alikuwa msibani Kamuli na muhuri ameufungia nyumbani. Nilimpigia simu usiku ule, akarudi alfajiri kwa bodaboda, Mungu ambariki. Pesa za kiapo zilitoka chama. Saa tisa alasiri siku ya mwisho kijana alituma maombi kwenye duka la intaneti pale mjini, mimi nimesimama nyuma yake nikisoma namba moja moja kwa sauti. Leo yuko Chuo Kikuu cha Busitema anasoma uhandisi kwa mkopo. Kwa desturi ya zamani asingekuwa mtoto wa chama, maana hakuwa wa kwanza. Alikuwa wa saba.

Mwaka huu tumewasaidia watoto 29. Waliokwishaingia vyuoni ni 18: wawili kwa udhamini wa serikali, watatu kwa mkopo, sita wanalipiwa na familia, saba wako kwenye diploma na vyeti. Wapo wanaosema hao saba wasihesabiwe. Mimi nawahesabu. Mwenye diploma nzuri ana njia yake ya kuingia shahada, na wapo humu chamani walioipita njia hiyo wakafika.

Nakiri kwamba walioomba mkopo walikuwa tisa, waliopata ni watatu. Hawa sita wengine wananiumiza. Na kuna binti ambaye wanachama kadhaa walikuwa wamemwahidi kwa mdomo kwamba ndiye anayefuata kulipiwa. Ahadi hiyo haimo kwenye kumbukumbu yoyote ya mkutano, lakini naelewa kwamba mtoto hasomi kumbukumbu, anasikia anachoambiwa na wakubwa. Alikosa mkopo, akaingia diploma. Mama yake amesema anajitoa kwenye chama. Nimekwenda kwake mara mbili, mara ya pili akanipa chai lakini hakunipa jibu. Nitakwenda tena.

Kuhusu maneno kwamba nilibadilisha utaratibu ili mtoto wa dada ya mke wangu afaidike: mtoto huyo alipewa shilingi 180,000, za nauli, godoro na ada ya maombi, na kuna wengine saba waliopata kiasi hicho au zaidi. Jina lake lililetwa na shule pamoja na majina mengine. Lilipofikiwa nilitoka nje ya chumba, na katibu aliandika saa niliyotoka na saa niliyorudi. Zaidi ya hapo, nimekwenda Kampala mara tatu kufuatilia barua za watoto wetu, kilomita 80 kwenda na 80 kurudi, kwa nauli yangu mwenyewe. Sikuidai na sitaidai. Nasema tu ili ijulikane.

Mahudhurio na michango

Hapa nitasema waziwazi kwa sababu nawapenda.

Katiba yetu inataka watu 24 ili mkutano uwe halali. Februari tulikuwa 31 na Mei 27. Agosti tulikuwa 12, Novemba tulikuwa tisa, na wawili kati ya tisa walikuwa wanasubiri mvua ipite. Mikutano hiyo miwili haikuweza kuamua lolote. Agosti ndiyo ilikuwa ya kuamua kama tutafute njia ya pekee kwa yule binti. Waliokuwa wakiandika kwenye kundi la simu mpaka usiku wa manane kumtetea, sikumwona hata mmoja. Kama mngekuja, huenda uamuzi wa Mei ungerekebishwa pale pale, nami ningeinamisha kichwa.

Mchango ni shilingi 5,000 kwa mwezi. Waliolipa mwaka mzima ni 19. Waliolipa kidogo ni 17. Wanachama 35 hawakulipa hata shilingi moja, na zilizokosekana ni 2,575,000. Najua hali. Mwenye kibanda cha samaki Masese haniambii kitu nisichokijua, na yeyote aliyefiwa au aliyelazwa hospitali alisamehewa papo hapo. Lakini katika hao 35 wapo wenye mishahara na wapo wenye nyumba za kupangisha. Na wapo wanne ambao chama hiki kilisaidia watoto wao wenyewe wakafika chuo. Majina sitayataja. Hesabu mnaijua: pesa hizo zingetosha kumrudisha binti yule kwenye shahada kwa karibu mwaka mzima, hata chini ya utaratibu mpya. Mkono mtupu haulambwi, na sisi tunawaomba watoto waulambe.

Wazazi wetu waliletwa hapa na viwanda, kila mmoja na lugha yake, wakajifunza Kiswahili ili waelewane kwenye foleni ya bomba. Wengi hawakuvuka darasa la saba. Mimi niliishia S4, na barua ya kwanza ya chuo niliyoishika mkononi ilikuwa ya mtoto wa jirani. Nakumbuka uzito wa karatasi ile. Ndiyo sababu ninaendelea.

Mwakani

Tunatumaini kuanza mapema zaidi, tangu S4, ili watoto wa mtaala mpya ulioanza 2020 wasifike S5 bila kujua wanaelekea wapi. Tunatumaini kukagua majina kwenye vitambulisho na vyeti kabla ya msimu wa maombi. Ikiwezekana tutapata kompyuta moja ya chama, na tunazungumza na wahitimu walioko Kampala kuhusu mahali pa kufikia watoto. Hakuna kilichokamilika, nitawaarifu.

Mkutano mkuu ni Jumamosi ya pili ya Februari, saa nane mchana, pale pale tulipozoea. Ajenda ya kwanza ni uamuzi wa Mei, kwa maombi ya wanachama tisa, na nimeikubali. Wenye kupiga kura ni waliolipa angalau miezi sita, kama katiba inavyosema. Mweka hazina atakuwa mlangoni na kitabu cha risiti kuanzia saa saba.

Wenu katika kazi hii,
Mwenyekiti