Mwanangu, kuhusu huo uvimbe

Mpwapwa

Mwanangu,

Mbukwa. Karatasi ya ultrasaundi uliyonitumia nimeikuza kwenye simu hadi macho yakauma. Wameandika fibroadenoma, sentimita 2. Huo ni uvimbe wa titi wa kawaida kwa mabinti wa umri wako: unateleza ukiubonyeza, na si saratani. Wewe unataka ukatwe wiki hii hii. Polepole, mama.

Miaka yote niliyofanya kazi wodi ya upasuaji, kisu hakikunitisha. Kilichonitisha ni kukata kabla hujajua unakata nini. Waombe kwanza wachukue kinyama kwa sindano, kwa ganzi ya hapohapo, kipimwe. Majibu yakiwa ni hayo hayo, unaweza kuuacha, ukarudia ultrasaundi baada ya miezi 6. Mingine hunywea yenyewe. Ukikua haraka, ukizidi sentimita 3 hivi, au ukikunyima usingizi kwa mawazo (hiyo nayo ni sababu, usione haya kumwambia daktari), basi utolewe. Wengi hurudi nyumbani siku hiyohiyo. Muulize atapasua wapi. Ukingoni mwa duara jeusi la chuchu kovu hujificha. Kunyonyesha huko mbele kwa kawaida hakuzuiliki.

Na hata daktari aape kwamba ana hakika, uvimbe uliotolewa lazima uende maabara ndani ya fomalini, ile dawa ya kuzuia nyama isioze. Nimeshaona chupa imesahaulika dirishani kwa sababu kila mtu alidhani mwenzake ameipeleka. Fuatilia mwenyewe.

Najua kinachokutisha ni habari ya shangazi yako. Yeye alitolewa titi zima kwa kuwa alifika uvimbe umeshashika ngozi, baada ya kupaka dawa za mganga msimu mzima. Saratani ikiwahiwa, mara nyingi hutolewa uvimbe na nyama kidogo ya pembeni, kisha mionzi, na mgonjwa huishi sawa na aliyetolewa titi lote. Ile mionzi ndiyo iliyomweka shangazi yako hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, wiki kadhaa mbali na watoto. Vile vidonge anavyomeza hadi leo ni tamoksifeni, kwa sababu saratani yake ilikuwa ya kuchochewa na homoni. Wako si huo.

Waulize dirisha la bima kama kipimo cha kinyama kinalipiwa. Kikikwama, mbuzi wawili watauzwa mnadani. Baba yako ameshakubali, ingawa anajifanya hajui tunaongea nini.

Mama yako