Vyuo vya ufundi vya dini, wapokeeni kina mama pamoja na watoto wao

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumze na masista, mapadre, wachungaji na masheikh wanaoendesha mafunzo ya ufundi kwa kina mama. Mimi ni fundi cherehani hapa Lizaboni, Songea. Nina watoto watatu, na chakula chao, daftari zao na kodi ya chumba vyote vinatoka kwenye sindano.

Ushonaji nilianza kujifunza mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa kwenye kituo kimoja cha dini ambacho sitakitaja. Ada yake ilikuwa nafuu na mwalimu aliijua kazi. Kitinda mimba wangu alikuwa na miezi saba, na siku ya kwanza tu nikaambiwa mtoto haruhusiwi, nitafute wa kubaki naye. Nilimpata binti wa jirani kwa wiki mbili, hadi shule zilipofunguliwa. Baada ya hapo nikawa nahudhuria siku moja, nakosa tatu. Wenzangu walipofika kwenye kola, mimi bado nahangaika na pindo. Nikaacha. Baba watoto alikuwa ameshakwenda kwenye machimbo ya vito Tunduru, na hadi leo hajarudi.

Mwaka uliofuata nikasikia masista wa parokia moja wanaandikisha. Nilikwenda nikiwa na mtoto mgongoni na jibu la kukataliwa nimeshalizoea. Sista aliyekuwa anaandikisha aliniangalia, akauliza mtoto anaitwa nani. Akaliandika jina lake chini ya langu.

Hawakujenga kitu kipya. Kulikuwa na chumba cha Utoto Mtakatifu, chama cha watoto wa Kikatoliki, kinachotumika Jumapili tu, chenye mikeka na viti vifupi. Watoto wetu walishinda humo. Kila siku mama mmoja aliacha cherehani akashika zamu ya kuwaangalia, na jioni jirani yake wa meza alimwelekeza somo alilokosa. Unga wa uji tulichanga, kikombe kimoja kila mtu. Saa nne wenye wachanga tulitoka kunyonyesha, tukarudi kwenye mashine. Tulianza 18, tukamaliza 16, na wawili walioacha walihama mji. Mmoja wa waliomaliza ni jirani yangu Mwislamu. Ramadhani ilipoingia, sista alimwondoa kwenye zamu ya kupika uji bila yeye kuomba.

Wasomaji wajue kazi ipo. Tangu 2016 serikali ilipoondoa ada, watoto wamejaa madarasani, lakini sare bado ni mzigo wa mzazi. Desemba na Januari silali kabla ya saa sita usiku. Januari iliyopita nilishona jozi 64 za mashati meupe na sketi au kaptura za bluu, mbali na viraka na zipu, ambavyo ndivyo vinavyonunua mboga ya kila siku. Watano tuliosoma pamoja tuliunda kikundi, tukapata mkopo wa halmashauri usio na riba, ule unaotoka kwenye asilimia 4 ya mapato yake inayotengwa kwa wanawake, tukanunua mashine ya ovaloki, ya kushona kingo za kitambaa zisifumuke. Inakaa kwangu, kila mtu ana siku yake.

Sisi wa Songea ufundi wa kanisa tunaujua tangu zamani. Wabenediktini, watawa wa Kikatoliki, walifika Peramiho 1898, na shule yao ya ufundi imetoa maseremala na waashi ambao kazi zao bado tunazitumia. Nawaheshimu sana. Lakini kijana aliyefundishwa kushika randa hakuwa na mtoto wa kunyonyesha. Ratiba iliyomfaa yeye, ya kuingia asubuhi na kutoka jioni bila kugeuka nyuma, ndiyo tunayopewa sisi, kisha tunapoacha inaandikwa kwamba kina mama hawana nia. Maneno hayo nimeyasikia kwa masikio yangu, na yaliniuma.

Wakuu wangu wa dini, vyumba mnavyo. Makanisa yana madarasa ya Jumapili ambayo katikati ya wiki yamefungwa kwa kufuli. Madrasa nyingi asubuhi, watoto wakiwa shuleni, hazina mtu. Kinachohitajika ni ufunguo, mikeka, sufuria ya uji na orodha ya zamu ukutani.

Januari mtabandika matangazo ya kuandikisha. Ongezeni mstari mmoja: mama mwenye mtoto mchanga anapokelewa pamoja na mtoto wake. Hapa mtaani kwetu kuna binti mwenye mapacha wa miezi mitano ambaye kila jioni anakuja kunitazama nikikata vitambaa. Nimemwambia asubiri tangazo.

Wasalaam,
Fundi cherehani,
Lizaboni, Songea