Mali kauli ya viazi nayo ni fainansi, tuacheni tuisomee PhD

Mhariri, habari za kazi. Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua maana hili jambo limenikaa rohoni muda mrefu. Mi nasoma PhD ya fedha, niko mwaka wa tatu, nasoma huku nafanya kazi ya uhasibu hapa Mbeya, naishi Uyole. Chuo sitakitaja.

Nilipoanza, mada yangu ilikuwa mali kauli, yaani kutoa mzigo kwa ahadi ya kulipwa baadaye, kwenye biashara ya viazi. Wanaoijua Uyole wananielewa, viazi vinashuka toka Isyonje na Kikondo na kule Umalila, mfanyabiashara anapakia Fuso inaenda Dar na mkulima hajalipwa hela yote, pengine kapewa nusu, pengine hajapewa hata shilingi mpaka mzigo uuzwe na dalali atume kwenye simu. Yaani mkulima anamkopesha mfanyabiashara, mfanyabiashara anamkopesha dalali, dalali anamkopesha mama wa chipsi, na hapo katikati hamna benki, hamna hati ya nyumba, hamna mkataba.

Chuoni nikaambiwa data hamna. Chukua mabenki, ripoti zao za mwaka ziko mtandaoni, utamaliza mapema. Nikakubali maana ada inauma. Sasa soko la hisa la Dar lilianza mauzo 1998 na kampuni zilizoorodheshwa pale hata 40 hazifiki, kwa hiyo kila anayesomea fedha anazirudia zilezile, anabadilisha miaka tu na jina la modeli.

Lakini data zipo! Kuna mama sokoni alinifungulia kaunta buku zake, tano, kila ukurasa jina, tarehe, gunia ngapi, kalipa ngapi, na waliokimbia na hela kawapigia mstari mwekundu. Haikuwa siku moja, mwanzoni alidhani mi ni mtu wa kodi, nilienda wiki kadhaa nanunua viazi na kupiga stori ndo akaniamini. Akaniuliza, mwanangu, hii ukishaiandika utatuletea na sisi tuione? Nilikosa jibu, maana tasnifu inaandikwa kwa Kiingereza na inaishia kwenye kabati la maktaba.

Wengine wanasema mambo ya sokoni hayana nadharia, hayo ni ya DBA (udaktari wa usimamizi wa biashara), digrii ya mtu anayetaka kutatua tatizo la kazini kwake, PhD lazima iongeze kitu kwenye nadharia. Hapo mi napinga kabisa. Wasomi Jensen na Meckling mwaka 1976 walieleza gharama za kumwachia mtu mwingine asimamie mali yako, haya, dalali akikupigia simu kwamba gunia nane zimeoza na wewe uko Uyole hujaona hata kiazi kimoja, hiyo si ndo yenyewe? Na wasomi wengine, Petersen na Rajan, mwaka 1997 walitumia data za biashara ndogo za Marekani kuangalia kwa nini muuzaji anakopesha pale ambapo benki inasita, moja ya sababu ni kwamba anamfahamu mteja wake kuliko benki inavyomfahamu. Yule mama angewaambia hivyohivyo, na angeongeza kwamba ukoo wa mtu na kanisa analosali vinahesabika kabla hajapewa gunia la kwanza. Hicho ndo kitu kipya cha kuiongezea nadharia, na kiko huku kwetu.

Ninachoomba kwa walimu wa vyuo vinavyofundisha biashara huku, Mzumbe tawi la Mbeya, Chuo Kikuu cha Iringa na wengine, mwanafunzi akija na mada ya mali kauli au ya mbao za Mafinga zinazouzwa kwa ahadi, msimrudishe kwa sababu ya data, mpeni muda wa kuzikusanya, mwaka mzima ikibidi, majina ya watu yafichwe, na kabla hajavaa joho apeleke muhtasari wa Kiswahili kwa waliomfungulia madaftari yao.

Mi yangu nitaimalizia hiyohiyo ya mabenki, nimeshafika mbali. Ila kazini kuna wadogo zangu wawili wanaandaa propozali, nimewaambia waje Uyole Jumamosi asubuhi, nitawatambulisha kwa yule mama.

Mwanafunzi wa PhD,
Uyole, Mbeya