Shangazi, si mkono wako ulioua mwani

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Tangu siku ile tulipokaa barazani ukaniambia kwamba mkono wako umekuwa mzito, na ndiyo maana kila mwani mnene unaoupanda hufa, maneno yako hayajanitoka moyoni. Nimeamua kukujibu hadharani kwa sababu najua kwamba huku pwani ya mashariki ya Unguja, kuanzia Bwejuu na Paje hadi Jambiani, zimo nyumba nyingi ambamo mwanamke amejilaumu kama ulivyojilaumu wewe, au amemshuku jirani yake kwa kijicho, ilhali kilichobadilika ni maji yenyewe.

Wewe ulikuwapo kilimo hiki kilipoanza kwa biashara mwaka 1989, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino. Zilikuja aina mbili: mwani mnene, yaani kotonii, na mwembamba, yaani spinosamu. Kotonii ndiyo iliyolipa zaidi, kwa kuwa ute unaokamuliwa humo huganda vizuri na viwanda vinautaka. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ikaanza kufa shamba baada ya shamba, na leo wengi wenu mmebaki na spinosamu, ambayo huuzwa kwa bei ya chini. Dalili zake unazijua kuliko mimi: matawi hugeuka meupe, shina hulainika, wimbi likipita hulikata, nawe ukishuka kesho yake unakuta kamba tupu na tai-tai, vile vijikamba vya kufungia mwani.

Kotonii hustawi maji yakiwa kati ya nyuzi 25 na 30 za joto. Sasa tazama mahali tunapoipanda. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, maji ya pwani yetu hupwa kabisa mnamo saa nne au saa tano asubuhi, jua likizidi kupanda, na shamba zima hubaki katika maji ya magotini yasiyotembea. Kusi likivuma, maji hupoa na kuchanganyika. Lakini wakati wa kaskazi, hasa kuanzia Januari hadi Machi, maji hayo huchemka kama yaliyoinjikwa mekoni. Mmea uliodhoofishwa na joto hushindwa kujikinga na vijidudu pamoja na vimwani vidogo vinavyouparamia, na mvua kubwa ya masika ikifuata, maji ya bahari yakapungua chumvi ghafla, huwa ndiyo basi tena.

Utaniuliza, kama ulivyoniuliza siku ile, mbona kaskazi lilikuwapo tangu enzi za bibi. Ni kweli lilikuwapo, na miaka mibaya ilikuwapo. Lakini kati ya mwaka 1951 na 2015 maji ya juu ya Bahari ya Hindi katika ukanda wa joto yamepanda kwa takriban nyuzi 1. Zaidi ya asilimia 90 ya joto la ziada linalozuiwa duniani na moshi wa viwanda, magari na mitambo ya umeme limeingia baharini, na bahari yetu imepokea fungu lake. Mtu anayeoga hawezi kuihisi nyuzi hiyo moja. Kiumbe aliyekuwa akiishi karibu na ukingo wa uvumilivu wake huihisi, kwa sababu kaskazi lile lile alilokuwa akilivumilia sasa linaanzia juu zaidi.

Hayo yaliyokupata shambani yaliyapata matumbawe kabla yako. Mwaka 1998, kaskazi lilipokuwa likiishia, maji yalizidi joto lake la kawaida kwa wiki nyingi, na miamba kuanzia Kenya hadi Msumbiji ikageuka myeupe. Tumbawe ni mnyama, Shangazi. Rangi yake na sehemu kubwa ya chakula chake hutoka kwa vimmea vidogo mno vinavyoishi ndani ya mwili wake, na joto likizidi nyuzi 1 juu ya kilele cha kawaida likadumu, huvitapika. Maji yakipoa mapema huvipokea tena. Yakichelewa, hufa kwa njaa. Mwaka 2016 joto kama lile la 1998 lilirudi, na mwaka 2024 likarudi tena, ilhali mwamba ulioharibika vibaya huhitaji miaka kumi na zaidi ili urejee. Mtafiti wa matumbawe David Obura na wenzake walichapisha mwaka 2021 tathmini iliyoonyesha kwamba miamba yote ya magharibi ya Bahari ya Hindi imo hatarini kuporomoka ndani ya miaka 50. Niliisoma nikaikumbuka miamba ya nje uliyonionyesha nikiwa mdogo, na sikuweza kuendelea na kazi siku hiyo.

Lakini angalia ni nani hufa kwanza. Matumbawe ya matawi, yale ambamo vifaranga vya samaki hujificha, ndiyo huenda mapema. Yale ya mabonge, yanayokua polepole, mara nyingi hubaki. Ndivyo ilivyokuwa kwa kotonii na spinosamu. Bahari haifi yote kwa siku moja, bali hubadilisha wakazi wake, na wanaobaki si lazima wawe wale waliokuwa wakitulisha. Ndiyo maana mtu anaweza kusimama ufukweni, akaona maji ni yale yale ya buluu, akaapa kwamba hakuna kilichotokea.

Hapo ndipo ninapotaka unisikilize zaidi. Dk. Flower Msuya, aliyefanya utafiti wa mwani Zanzibar kwa miaka mingi, aliwajaribisha wakulima kupanda kotonii kwenye maji ya kina, ndani ya mirija ya nyavu inayozuia vipande visipotee, mahali ambapo maji hayapandi joto kama ya magotini. Mmea unakubali. Kizuizi ni kwamba huko kunahitaji chombo na kuogelea, na sisi tumewalea mabinti zetu kwenye bahari bila kuwafundisha kuogelea, huku vyombo vikiwa mikononi mwa wanaume. Hili linaniuma, kwa maana joto la dunia hatukulileta sisi, lakini hili liko katika uwezo wetu. Naomba binti zako wafundishwe kuogelea, na mimi nitachangia gharama za mwalimu wa kike, wafunzwe wakiwa wamevaa kwa stara kama unavyopenda.

Jambo la pili ni dogo. Nitakuletea kipimajoto na daftari. Kaskazi likianza, kila bamvua, mnapokuwa shambani, mwandike tarehe, joto la maji na kamba ngapi zimegeuka nyeupe. Usiuache mwani mweupe ufie majini. Uvunwe mapema, kabla haujakatika, kwani ulio mzima bado hukaushwa na kuuzwa. Na vile vipande vichache vya kotonii vilivyopona mwaka jana kwenye mkondo ulio karibu na mlango wa mwamba, tafadhali usiviuze. Vifunge peke yake, uvipande palepale vilipopona, nami nikija baada ya Ramadhani tutavikagua pamoja.

Mwanao akupendaye.