Barua ya wazi kwa Mshauri wa Maadili ya Mawaziri wa Uingereza: kiongozi akaguliwe kabla hajaingia

Kwa Sir Laurie Magnus,
Mshauri Huru wa Waziri Mkuu kuhusu Maadili ya Mawaziri,
Whitehall, London.

YAH: FARAGHA YA WANASIASA NA UCHAGUZI WA VIONGOZI WA VYAMA

Mheshimiwa,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwanamke wa Kitanzania ninayeishi London Mashariki. Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani mwao: kuwaogesha, kuwapa dawa, kuwapikia, kukaa nao. Kwa kuwa ni raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola na ninaishi hapa kihalali, sheria inaniruhusu kupiga kura katika uchaguzi wa Bunge la Uingereza hata bila pasipoti ya nchi hii. Haki hiyo naitumia. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu Watanzania, Wakenya na Waganda wenye haki kama yangu ni wengi, na baadhi yao hawajui kwamba wanayo.

Wazee wangu huwasha televisheni asubuhi na kuizima wakienda kulala, kwa hiyo maoni ya watu kuhusu siasa nayasikia jikoni kwao na kando ya vitanda vyao. Nayasikia pia kwenye basi la alfajiri tukirudi kutoka zamu, na kanisani baada ya ibada. Naomba nikueleze ninachosikia, kisha nikuombe jambo moja.

Watu wa kawaida hapa si wakali juu ya ndoa za viongozi wao kama magazeti ya udaku yanavyotaka tuamini. Boris Johnson alipoingia kwenye uchaguzi wa Desemba 2019, nchi nzima ilikuwa inajua historia ya ndoa zake. Aliulizwa redioni ana watoto wangapi, akakataa kujibu. Chama chake kikashinda kwa wingi wa viti 80. Nawafahamu akina mama wacha Mungu, ambao wasingekubali binti yao aolewe na mwanamume wa namna hiyo, waliompigia kura bila kusitasita. Mimi nimelelewa kuamini kwamba kiapo cha ndoa ni kiapo, na sijabadilika. Lakini kiapo hicho hakuniapia mimi. Mwenye haki ya kumdai ni aliyeapiwa.

Sasa linganisha na yaliyomkuta miaka miwili na nusu baadaye. Mzee mmoja ninayemhudumia alimpoteza mkewe Aprili 2020, wakati wa korona. Waliagana kwa simu ambayo muuguzi alimshikia mgonjwa sikioni. Mazishini watoto wake walikaa kila mmoja na kiti chake mbali na mwenzake, na hakuna aliyethubutu kumshika baba yao bega. Ilikuwa amri ya serikali, wakaitii. Baadaye ndipo tukajua kuhusu mikusanyiko ya Downing Street, kwenye ofisi na makazi ya waziri mkuu, na ofisi za jirani. Polisi wa London walitoa faini 126 kwa watu 83, na Aprili 2022 Johnson mwenyewe akatozwa, waziri mkuu wa kwanza wa nchi hii kubainika kuvunja sheria akiwa madarakani. Usiku wa tarehe 16 Aprili 2021 watumishi wa Downing Street walikuwa kwenye sherehe za kuagana. Kesho yake Malkia Elizabeth alikaa peke yake kwenye kanisa la Windsor, amevaa barakoa, akimzika mumewe. Mzee wangu hajawahi kunitajia wake wa Johnson hata siku moja. Usiku ule anautaja mpaka leo, na akiutaja mikono yake hutetemeka.

Ndivyo ilivyokuwa pia kwa Matt Hancock, Waziri wa Afya. Juni 2021 zilichapishwa picha zake akimbusu mshauri wake ofisini, naye akajiuzulu. Magazeti yalishughulika na mapenzi. Sisi wahudumu tulishughulika na tarehe. Picha zilikuwa za 6 Mei, na wananchi waliruhusiwa kukumbatia ndugu wasioishi nao ndani ya nyumba kuanzia 17 Mei. Tulikuwa tukirudi kazini tunavua nguo mlangoni, tunaoga kwanza, watoto wanatungoja kwa mbali. Aliyetutangazia masharti hayo jioni kwa jioni kwenye televisheni ndiye huyo. Isitoshe, mama yule alikuwa na kiti kwenye bodi ya wizara, kiti kinacholipiwa na umma. Hapo jambo lilikuwa limeshatoka nje ya chumba cha watu wawili.

Nikikusanya hasira zote nilizozisikia kwa miaka, sioni hasira ya mtu kwa sababu kiongozi ana mchepuko. Naona hasira ya mtu aliyedanganywa, au aliyebebeshwa kanuni ambayo aliyeitunga hakuibeba. John Profumo, waziri wa vita, hakuangushwa na uhusiano wake na msichana Christine Keeler peke yake. Aliangushwa na maneno aliyoyasema ndani ya Bunge Machi 1963 kwamba hakukuwa na lolote lisilofaa kati yao, na Juni akakiri kuwa alidanganya. Wazee wa huku kwetu bado wanamkumbuka, kwa sababu baada ya aibu ile alikuja Toynbee Hall, hapa Whitechapel, akafanya kazi ya kujitolea kwa miongo kadhaa. Wanamtaja kwa heshima. Hawakusahau kosa, na hawakuona kwamba mtu ni kosa lake tu.

Kuna upande wa pili ambao unaniuma zaidi. Mwaka 1992 nyaraka za Paddy Ashdown, kiongozi wa Liberal Democrat, ziliibwa kwa wakili wake, na uhusiano wa miaka mitano nyuma ukaanikwa wiki chache kabla ya uchaguzi. Alisimama akakiri, akaendelea kuongoza chama hadi 1999. Mwenzake aliyemfuata, Charles Kennedy, alikuwa na maradhi ya ulevi. Nasema maradhi kwa sababu nimehudumia watu wenye hali hiyo na najua inavyowala. Januari 2006 alilazimika kutangaza mbele ya kamera kuwa anatibiwa, na siku mbili baadaye akaachia uongozi, mtu aliyekuwa ametoka kukipa chama chake viti 62. Wapiga kura wake wa nyanda za juu za Scotland walimrudisha bungeni 2010. Alifariki 2015, akiwa na umri wa miaka 55. Sijasikia mzee hata mmoja akisema Kennedy aliwakosea. Nimewasikia wakisema waliomzunguka walikuwa wepesi kumtoa kuliko kumsaidia.

Mheshimiwa, hapo ndipo nafika kwako mwenyewe. Septemba 2025 uliandika barua kuhusu Angela Rayner, Naibu Waziri Mkuu, na ushuru wa stempu wa nyumba aliyoinunua Hove. Tuliisoma kwa makini, maana Rayner ni mmoja wetu: kabla ya siasa alikuwa mhudumu wa wazee kama mimi. Ulisema alitenda kwa uadilifu, lakini hakutafuta ushauri wa mtaalamu wa kodi kama alivyoelekezwa, na hivyo alikiuka kanuni. Akajiuzulu siku hiyohiyo. Ushuru uliopungua ulikadiriwa kufika pauni 40,000, na kwa anayelipwa kwa saa hizo si fedha za kupuuza. Nakubaliana na hukumu yako. Aliyekuwa waziri wa nyumba hawezi kukosea ushuru wa nyumba yake, kisha akawaambia wengine walipe.

Ila kabla ya kufika hapo, ilimbidi aombe mahakama imruhusu kuzungumzia mfuko wa amana wa mwanawe, mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati na anayeishi na ulemavu wa kudumu. Ugonjwa wa mtoto, talaka ya wazazi, nani analala nyumba gani siku zipi, yote yakawa gumzo la nchi nzima. Kodi ilikuwa haki yetu kuijua. Mtoto hakuwa. Kama swali lile lingeulizwa faraghani mapema, na mtu mwenye mamlaka ya kuuliza, ushuru ungelipwa na kijana yule angebaki na siri zake.

Sasa mfano ulio upande wa pili wa barabara, nao pia unaujua kuliko mimi. Julai 2022, Johnson alipokuwa anaanguka, Nadhim Zahawi aliteuliwa kuwa Waziri wa Fedha, bosi wa mamlaka ya kodi. Siku chache baadaye akaingia kugombea uongozi wa chama cha Conservative, yaani uwaziri mkuu wenyewe. Wakati huo mambo yake ya kodi yalikuwa yanachunguzwa na mamlaka hiyohiyo. Baadaye alilipa, pamoja na adhabu. Wewe ndiye uliyebaini kwamba hakuutamka uchunguzi huo ipasavyo, na Rishi Sunak, waziri mkuu wa wakati huo, akamfukuza Januari 2023. Alitolewa raundi ya kwanza ya ule ugombea, sawa. Je, angeshinda?

Wengi wetu tunadhani waziri mkuu huchujwa na uchaguzi. Tangu 2007, Gordon Brown, Theresa May, Boris Johnson, Liz Truss na Rishi Sunak wote waliingia Downing Street kwa kubadilishana ndani ya chama, na uchaguzi mkuu ukafuata baadaye au haukufuata kabisa. Truss alichaguliwa na wanachama 81,326 dhidi ya 60,399 wa Sunak, katika nchi yenye wapiga kura zaidi ya milioni 46. Siku 49 baadaye akawa ameondoka, na riba za mikopo ya nyumba zimepanda. Sunak akaingia bila hata wanachama kupiga kura. Mimi sikatai kwamba utaratibu wa nchi hii ni wa Bunge, na chama chenye wabunge wengi kina haki ya kubadilisha kiongozi. Lakini wakati ule sisi tulio nje ya chama hatuna swali tunaloruhusiwa kuuliza, na nafasi ya kuuliza inabaki kwa magazeti. Nayo magazeti yatauliza yanayouzika.

Kabla sijaruhusiwa kumshika mzee mkono, nilifanyiwa ukaguzi wa DBS wa rekodi ya makosa, nikaombewa barua kutoka kwa waajiri wawili wa nyuma, nikahojiwa. Mwalimu wa chekechea hupitia hayo hayo. Sikulalamika. Anayemkabidhi mtu mama yake ana haki ya kujua anamkabidhi nani. Anayegombea kuongoza serikali katikati ya muhula hatakiwi kisheria kupitia kitu cha namna hiyo. Mawaziri hujaza fomu ya maslahi yao wakishateuliwa, na wewe ndiye unayewashauri juu yake. Wakishateuliwa, Mheshimiwa. Wakati huo zulia jekundu limeshatandikwa.

Ombi langu ni hili. Chama kilichoko madarakani kinapoanza kutafuta kiongozi mpya, kila anayegombea ajaze fomu ileile anayojaza waziri, aikabidhi kwako: kodi, madeni, mali, zawadi, nani anamlipa, na kama kuna ndugu au mpenzi anayelipwa na umma kupitia kwake. Uyapitie kabla karatasi za kura hazijatumwa kwa wanachama. Yanayohusu umma yatangazwe, hata yakiwa machungu. Yasiyohusu umma, mtoto mgonjwa, ndoa iliyovunjika, dawa anazomeza mtu usiku ili alale, yabaki kabatini mwako, na uandike kwa jina lako kwamba umeyaona na hayatuhusu. Neno lako la pili lina thamani sawa na la kwanza. Magazeti yakija na nyaraka za wizi kama zile za Ashdown, tutakuwa na mtu wa kumwamini aliyeshasema hapa hapana kitu.

Najua kanuni zako zinashika mawaziri, hazishiki wagombea, na kwamba hakuna sheria inayokupa kazi hii leo. Najua pia kwamba ofisi yako imebadilika. Sir Alex Allan alijiuzulu Novemba 2020 baada ya Johnson kulikataa hitimisho lake kuhusu Priti Patel, Waziri wa Mambo ya Ndani aliyetuhumiwa kuwanyanyasa watumishi, na Lord Geidt akaondoka Juni 2022. Hao waliokutangulia wote walifanya kazi wakiwa hawawezi kufungua uchunguzi bila idhini ya waziri mkuu. Tangu Novemba 2024 wewe unaweza kuufungua mwenyewe. Aliyepewa hilo anaweza kuandika barua kwa viongozi wa vyama vyote vyenye wabunge, akawaomba wakubali utaratibu huu kwa hiari, wakati ambapo hakuna anayegombea na hakuna wa kuogopa. Atakayekataa, atueleze sababu hadharani.

Nitapeleka nakala ya barua hii, pamoja na tafsiri yake, kwa mbunge wangu. Naomba jibu kwa maandishi: unaona linawezekana au haliwezekani, na kama haliwezekani, ni kifungu gani kinachozuia.

Wako,
Mhudumu wa wazee na mpiga kura,
London Mashariki