Kwa Zuwena, kutoka Yogyakarta, Indonesia

Jumapili usiku

Shoga yangu Zuwena,

Assalamu alaykum. Mimi mzima, chakula kinashuka, mvua zimeanza. Najua umekasirika. Ule ujumbe wako wa sauti ulionirekodia ukiwa bandarini Mkoani, Pemba, nimeusikiliza mara tatu na sikuujibu, na kila siku ilivyozidi kupita ndivyo nilivyozidi kuona haya. Nisamehe. Leo nimekaa kuandika kwa sababu nina jambo limenikaa kooni, na wa kumwambia ni wewe tu.

Alhamisi natakiwa nisimame mbele ya darasa nizungumze dakika 20. Somo ni historia ya uchumi. Mwalimu, mtu mpole sana, alinichagulia mada mwenyewe: karafuu baina ya Zanzibar na Indonesia. Kisha akaniambia, kwa kunihurumia, kwamba naweza kuzungumza Kiingereza, wenzangu wataelewa. Nikamjibu hapana, nitazungumza Kiindonesia. Neno lilinitoka kabla sijalipima. Tangu siku hiyo usingizi wangu wa mang'amung'amu.

Ngoja kwanza nikueleze lugha yenyewe. Asubuhi tatu kwa wiki nipo darasa la lugha la wageni, siku zilizobaki nakaa na wanafunzi wa kawaida. Mwanzo nilidhani nimepata mteremko. Hakuna ngeli, Zuwena! Hakuna wa wala ki wala vi. Kitabu ni buku, vitabu ni buku-buku, umemaliza. Kitenzi hakibadiliki kwa wakati, unatia tu neno "sudah" mbele, maana yake kimeshafanyika. Halafu maneno mengi tunachangia kutoka kwa Waarabu na Wareno: kabar, waktu, dunia, sebab, kertas, meja, hata bendera ni bendera. Siku ya kwanza nilitembea mjini nikisoma vibao kama niko Darajani.

Lakini yapo yanayokuvizia. Usiku mmoja nimekwenda kununua kuku wa kukaanga kwa mama mmoja karibu na chumba nilichopanga, barabara ya Kaliurang. Ananiuliza, "Dada atau paha, Mbak?" Nikamwitikia kwa furaha, nikajua ananiita dada. Kumbe Mbak ndiyo dada, na "dada" kwao ni kidari. Alikuwa anauliza nataka kidari au paja. Na kuku? Kuku kwao ni kucha. Nilipomweleza, alicheka mpaka akashika meza, na sasa kila nikifika ananiita Dada kwa makusudi, kisha ananiongezea sambal, pilipili yao ya kusaga.

Kazi ipo kwenye viambishi. Shina ni "petik", kuchuma. Ukitaka kusema unachuma, p inayeyuka, inakuwa "memetik". Sasa ukikutana na "memetik" kitabuni huipati kwenye kamusi mpaka ujue kulivua lile vazi. Wiki mbili za mwanzo nilikuwa natafuta maneno ambayo hayapo. Siku hizi mkono wenyewe unajua. Na nje ya darasa wenzangu wanazungumza Kiindonesia kingine kabisa, kifupi, na wakinogewa wanahamia Kijava, hapo mimi natazama midomo tu.

Narudi kwenye jambo langu. Unakumbuka kidato cha kwanza, somo la jiografia, mwalimu alipouliza karafuu zinakaushwaje? Darasa zima kimya. Wewe ukanyoosha mkono. Wewe, ambaye tangu una miaka sita ulikuwa unachambua makonyo, vile vikonyo vya karafuu, ukumbini kwa bibi yako na kugeuza karafuu kwenye majamvi. Ukaanza, "Mwalimu, zinaanikwa…" Ukakatishwa: sema kwa Kiingereza au kaa. Ukakaa. Mimi nilikuwa dawati moja na wewe, nikauona mguu wako unatetemeka. Aliyejibu baadaye alisoma sentensi moja ya kitabu, akapigiwa makofi.

Sijui kama wewe unaifikiria siku ile. Mimi hapa naifikiria kila siku, kwa sababu naona kinyume chake. Hawa watu wanasoma udaktari kwa lugha yao, uhandisi, sheria, kila kitu. Mtoto wa mkulima ananyoosha mkono na kumbishia profesa, na anabishana kweli, kwa hoja, kwa sababu hatafuti maneno. Na lugha hiyo si ya kabila lililo kubwa. Wajava ndio wengi kupita wote, lakini tarehe 28 Oktoba 1928 vijana walikutana Jakarta, enzi hizo ikiitwa Batavia, wakaapa kuwa lugha ya umoja ni Kiindonesia, ambacho asili yake ni Kimalay, lugha ya biashara ya visiwani. Ilikuwa lugha ya bandarini na sokoni, kama yetu. Wao wakaipandisha mpaka chuo kikuu. Sisi tumeifikisha darasa la mwisho la msingi, kisha tukaiacha mlangoni. Inaniuma, Zuwena.

Ndiyo maana nilikataa Kiingereza.

Na mada yenyewe inanigusa. Mkarafuu asili yake ni Maluku, huku huku kwao. Wafaransa waliiba miche, wakaifikisha Mauritius mwaka 1770, na mwanzoni mwa karne ya 19 ikaja Unguja. Kimbunga cha 1872 kikaiangusha ya Unguja, Pemba ikashika nafasi. Baadaye Indonesia ikawa mteja wetu mkubwa, kwa ajili ya sigara zao za kretek, zinazotiwa karafuu ndani. Mpaka walipopanda yao ya kutosha, bei ikaporomoka miaka ya 1980. Unakumbuka baba alivyokuwa akisema "Waindonesia wametuzima"? Mwezi uliopita nilipita usiku kwa mzee mmoja amekaa nje anavuta kretek, moshi ukanipata. Nikasimama. Ilikuwa harufu ya ghala la Ami Hemed, ile ile.

Nilipokuwa naandaa maneno, nikakuta "gagang cengkeh". Sikufungua kamusi. Nikaona mkono wangu mwenyewe unakitenga kikonyo na karafuu. Makonyo! Sentensi yangu ya kwanza nimeshaihifadhi: cengkeh dipetik dengan tangan, lalu dijemur. Karafuu huchumwa kwa mkono, kisha huanikwa juani.

Sasa ombi. Nenda kwa Ami Hemed kabla ya Jumatano, umrekodi. Nataka anieleze mwenyewe anajuaje kuwa sasa ni siku ya kuchuma, rangi inakuwaje, na mpeta, zile karafuu zilizoharibika, unatokana na nini hasa. Asifupishe, na usimkatize akianza habari za mwaka ule wa mvua. Na kama kuna karafuu zimeanikwa popote, nipigie picha ya jamvi kwa karibu. Nitawaonesha darasani kisha nitawasomea maneno yake kwa Kiswahili kwanza, ndipo nitafsiri.

Na wewe je? Wanafunzi wako wa kidato cha kwanza wakikwama unawaachia waseme Kiswahili? Mkuu wa shule anasemaje? Mguu wa mama unaendeleaje? Ile posa ya Salim ilijibiwa nini, mbona ulikatisha pale pale? Na unadhani nimefanya sawa kukataa, au ningejipumzisha tu? Niambie kweli, hata kama ni kunigombeza.

Wako wa siku zote,
Asya

Sambal ninayokuletea nimeshainunua. Itakutoa machozi.